Elektroni ya Nane

Ndugu yangu, mimi shule niliishia darasa la sita, na bado leo hii pale Mwanjelwa, Mbeya, ukiuliza nyumba ya mwenye malori ya viazi, hata mtoto atakupeleka hadi getini kwangu. Kwa hiyo juzi, mjukuu wangu wa sekondari alipokuwa mezani anakuna kichwa, eti haelewi atomu inageukaje kuwa ioni hasi, nikamwambia funga kitabu, nikueleze mimi.

"Babu, na wewe!" Akacheka.

Nikamweleza mpaka chai ikapoa. Alipoacha kucheka, mimi kimawazo nilikuwa nimesharudi nyumbani kwa shangazi, kule milimani juu ya Mbeya, miaka ile ya hamsini.

Kwetu ni Igowole, Iringa. Shangazi, dada yake baba, aliolewa huko Mbeya kwa Wasafwa, akajaliwa mabinti watupu, hana wa kumchungia ng'ombe. Akaja kwa baba kuomba kijana. Kwetu shangazi akiomba mtoto wa kaka yake hanyimwi. Ni wake pia. "Msimu mmoja tu," baba alisema. Mama alinifungia mahindi ya kuchoma kwenye kitambaa, akakaza fundo.

Sikatai, nilishiba. Viazi vya kuchemsha vinapasuka maganda vyenyewe, maharage mabichi, maziwa ya mgando. Lakini ule ukungu, bwana! Asubuhi unafungua mlango unakuta kama ukuta mweupe umesimama, hujui Iringa iko upande gani. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, maua ya pareto yakachumwa tena, na hakuna aliyetaja safari yangu. Wageni wakija, shangazi ananishika bega: "Sasa nyumba yangu imetimia." Mkono ule ulikuwa wa upendo kabisa, nami nilitamani kuponyoka.

Mwalimu wetu wa shule ya misheni alikuwa na wazimu wa chumvi, anataka kila mtu ajue imetoka wapi. Siku moja akatutoa nje, akachora maduara chini kwa fimbo. Katikati akaweka mawe kumi na saba. Hayo ni protoni, chaji chanya. Elektroni, chaji hasi, ni sisi: duara la ndani wawili, linalofuata wanane, la nje saba. Kumi na saba kwa kumi na saba, kwa hiyo atomu hiyo ya klorini haina chaji ya kuonekana. Ila duara la nje lina nafasi ya mtu wa nane, na klorini haitulii mpaka impate. Mimi akanisimamisha pembeni, peke yangu kwenye duara la nje la atomu nyingine, sodiamu.

"Mvuteni huyo!"

Wakanivuta shati nusura lichanike.

"Mawe yameongezeka?"

"Hapana!"

"Elektroni je?"

"Kumi na nane!"

"Basi hasi imezidi moja. Hiyo sasa ni ioni hasi. Na huko alikotoka huyu, chanya imezidi moja. Zikishikana hizo mbili, ndiyo chumvi."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na nikitaka kurudi?"

"Wa Iringa analilia mama!" Wote wakacheka, isipokuwa mwalimu.

"Hapo ulipo umeshikwa vizuri," akasema. "Mwenyewe hutoki. Mpaka ije nguvu kutoka nje."

Nikaisubiri nguvu hiyo, na ikaja kweli. Mama alishuka kwenye lori, vumbi la barabara ya Igawa limemjaa mpaka kwenye kope. Wakakaa jikoni yeye na shangazi wakimenya viazi, mimi nachochea moto usiohitaji kuchochewa.

"Mvua kwenu vipi, wifi?"

"Zipo, wifi. Na pareto?"

"Tunashukuru."

Mke kumdai wifi yake mtoto ni kama kumwambia mbele ya ukoo mzima kwamba ameshindwa kulea. Nilijua. Hata hivyo nilingoja.

"Kijana amekua," mama akasema. Nikaacha kuchochea.

"Amekua kweli," shangazi akajibu, wakachukua kila mmoja kiazi kingine.

Asubuhi yake mama akapanda lori. Alinishika kidevu, akasema nimtii shangazi.

Nilikaa pale mpaka nikaota ndevu. Biashara nimejifunza mwenyewe, kutoka gunia moja la viazi mpaka malori, hakuna aliyenishika mkono. Malisho yetu siku hizi ni msitu wa misonobari, ile shule imevunjwa, mama amefariki. Nyumba ya bati niliyomwahidi nimeijenga Igowole, nzuri kuliko zote pale, na haina mtu.

Shangazi nilimuuliza alipokuwa mzee sana, kwa nini siku ile mama alipokuja hakuniachia. Alinitazama kwa mshangao.

"Mama yako? Mimi nilimsubiri aseme. Nguo zako nilikuwa nimeshazifua, nimezifunga."