Miche ya Embe kwa Shamba la Plamu

Mjomba Rajabu alinipigia simu na agizo moja: nikipanda mlimani kwake Lukozi likizo ya Desemba, nimchukulie miche kumi ya embe kutoka huku Korogwe. Nikacheka. Embe kwenye baridi ya Lukozi! Yeye hakucheka. Nilipokata simu ndipo moyo uliponiuma, maana shamba lake limejaa miplamu aliyoipanda babu, baba yake, na halina nafasi ya mche mwingine. Miche ile maana yake ilikuwa shoka.

Nami nilikuwa na mkono katika jambo hilo. Nafundisha baiolojia. Miplamu ilipoanza kugoma kuzaa, mimi ndiye niliyempa mjomba dawa niliyoisoma kwenye kijitabu. Mti wa plamu lazima ulale, nikamwambia. Baridi ya Juni na Julai huupukutisha majani, unapumzika, kisha unaamka na maua. Baridi isipotosha, nyonyoa majani kwa mkono ili mti udanganyike. Nilisema kwa uhakika wa mtu ambaye hatapanda ngazi yeye mwenyewe.

Saa mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi Mombo, kwenye joto la mkonge na vichaka vya miiba, tenga la miche mapajani. Mlima huu nimeuchora ubaoni mara nyingi: chini mkonge na mibuyu, juu yake miembe, halafu migomba na kahawa, na juu kabisa msitu wa ukungu na matunda ya baridi. Kila kiumbe na mstari wake, huwaambia wanafunzi, na anayeamua mistari ni hali ya hewa.

Tulipopita Lushoto mjini nilifungua dirisha, nikisubiri ubaridi ule wa kupiga usoni. Ulikuja kivivu. Kwenye msitu wa Magamba ukungu ulikuwapo, ila umepanda juu ya vilele vya miti, wala haukugusa barabara kama zamani. Nilifunga dirisha.

Saa sita nilifika Lukozi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Miche haikuungua na jua?"

Mkewe, Mama Zaina, alipokea tenga akinishukuru kwa Kishambaa, "Hongea, hongea sana," lakini alilipokea kwa mkono mmoja. Mwingine haukuinuka. Ndipo nilipoambiwa kwamba Juni iliyopita alianguka kutoka kwenye ngazi akinyonyoa majani. Walinificha nisije nikajilaumu. Juni mbili mfululizo wazee hawa wawili walichuma jani moja moja, mti kwa mti, majirani wakiwatania kwamba wananyonyoa miti kama kuku.

Tukaenda shambani. Nilitegemea kukuta plamu nyekundu, kwani ndio msimu wake. Nilikuta majani makuukuu, majani machanga na maua yaliyokauka, yote kwenye tawi moja. Miti ilikuwa kama mzee aliyekosa usingizi, hajui kumekucha au bado. Matunda yalikuwa saba shamba zima, na mjomba alijua kila moja lilipo.

"Mingine niliipanda kule juu, ukingoni mwa msitu," akasema. "Nayo imeanza kukesha."

"Na juu ya pale?"

"Juu ya pale ni mawe, mwalimu. Mlima umeisha." Akashika gome la mti wa kwanza. "Mimi nakuuliza wewe uliyesoma. Niinyonyoe tena Juni, au basi?"

Nilitamani kumwambia ajaribu mara moja zaidi. Nikamtazama Mama Zaina na bega lake.

"Basi, mjomba. Baridi ile hairudi kwa ajili yetu."

Akaitikia kwa kichwa. Nilijichukia.

Usiku ule nilitandikiwa chini ya chandarua. Utotoni mwangu hakuna aliyekuwa na chandarua Lukozi, kwani mbu hawakuwa na ubavu wa kupanda hadi huko.

Asubuhi mjomba alisema bismillahi, akaangusha miti kumi. Mimi nilichimba mashimo, nikapanda miembe.

Mchana nikaaga. Kwao tenga la mgeni halirudi tupu, hivyo Mama Zaina alinitilia zile plamu saba, zote. Nilikataa, naye akawa mkali: "Chukua! Ulikuja na zawadi, utaondokaje mikono mitupu?"

Korogwe tulizila na wanangu, nikawaomba kokwa. Nimejifunza kwamba mistari yangu ya ubaoni inapanda, na kwamba aliye juu kabisa hana pa kuhamia. Kokwa saba nimezifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikaziweka kwenye friji kando ya maziwa, zipate kulala. Umeme ukikatika, nawakataza watoto wasifungue mlango wake.