Maksai Wawili kwa Shahada ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya sitini, Afisa wa Kilimo wa Wilaya alinikabidhi uzi, fito mbili na pimamaji, kile kichupa chenye povu kinachoonyesha kama uzi umelala sawa. "Shahada yako iache hapa mezani," akasema. "Kilima hakisomi."

Kwa miaka minne nilipima matuta ya fanya juu pande za Kwa Vonza. Katika matuta hayo, udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu ili uzuie maji ya mvua. Kisha nikahamishiwa karibu na Sultan Hamud. Huko kulikuwa na kilima cha udongo mweusi kilichochimbwa na mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja, cha Mama Kalekye. Misimu mitatu mfululizo matuta yake yalibomoka. Karani wa tarafa aliniambia kwamba wale akina mama walikuwa wavivu. Mimi, nisiyeamini uvumi, niliandika katika ripoti: "uzembe wa wachimbaji". Wilaya ikawanyima majembe na wilbaro.

Ripoti ile ilinikera, kwa sababu mistari niliipima mwenyewe na haikuwa na kosa, na uzembe wenyewe sikuwa nimeuona kwa macho. Nikaanza kufikiria shahada ya pili, ya elimu ya udongo. Wenzangu walishangilia: ukiipata tu, unapelekwa makao makuu.

"Nani amepelekwa?" niliuliza.

"Watu wanasema, Bwana."

"Watu gani?"

Niliandika barua makao makuu. Wakajibu kwamba hawaahidi cheo wala karo. Ingebidi niuze maksai wetu wawili wa kulimia.

"Sasa tutalima na nini, Baba Mutua?" mke wangu aliuliza. "Tutafunga hicho cheti kwenye plau?"

Niliwauza, nikaenda chuo kikuu. Muhula wa kwanza haujaisha, nilikuwa nimeelewa: udongo ule hupasuka wakati wa kiangazi, na maji yanayozuiwa na tuta huingia katika nyufa, yakalivunja kutoka ndani.

Nilirudi baada ya miaka miwili. Afisa hakuinua macho. "Karibu, Mtaalamu. Pimamaji yako iko pale ulipoiacha." Cheo kilikuwa kilekile.

Nilikwenda kwa Mama Kalekye kuungama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaegemea jembe.

"Nyufa? Bwana Shamba, mpini wa jembe hili huzama humo ndani. Ni nani hapa asiyejua?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulituuliza lini? Wewe ulikuja na uzi, ukaondoka na uzi." Wenzake wakacheka. Kisha akauliza, bila kucheka: "Haya, tufanye nini?"

Hilo nililijua. Nilipima upya kwa mwinamo mdogo, maji yatembee polepole hadi kwenye mfereji wa nyasi badala ya kusimama. Ripoti ya pili niliiandika kwa mkono wangu, nikikiri kosa kwa jina langu. Majembe yalirudi. Cheo kilikuja baadaye sana, kwa sababu ya umri.

Nimestaafu, na vijana hawaachi kunijia: "Mzee, masters inalipa?" Ninachoka. Ninawauliza ni swali gani linalowapeleka huko, na kama wamewauliza kwanza wanaochimba. Wengi hunitajia mshahara wa binamu ya mtu fulani.

Matuta ya kile kilima yangali yamesimama. Mke wangu naye angali anayakumbuka majina ya wale maksai, na huyataja kila mvua inapokaribia.