Pole ya Kwenye Simu

Jamaa wa saiba, kile chumba cha kompyuta za kukodi pale Riruta, huandika kwa vidole viwili, na kabla ya kila sentensi hujikuna shingo. Namalwa, anayeshona nguo kwenye kona ya chumba hicho hicho, ameshamzoea. Wateja wakipungua, jamaa hutafsiri kwa Kiswahili programu ya simu ya kuhifadhi picha, ile inayotengenezwa na watu wa kujitolea kutoka kila nchi na kugawiwa bure. "Mama, hebu skiza hii," humwambia kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi, kisha humsomea sentensi. Namalwa akikunja uso tu, jamaa hushusha pumzi, akafuta, akaanza upya, na chai yake ikapoa hadi ikafanya utando. Printa nayo ni balaa, hukwama kutwa. Mteja akianza kujitetea kwamba labda ameguza kitu, jamaa huchomoa karatasi iliyokunjamana na kusema bila kuinua macho, "Pole, si makosa yako."

Leo Namalwa alikuwa akihifadhi picha ya gauni la bibi harusi kwa programu hiyo, simu ikakataa. Zamani ingemfokea kwa Kiingereza, naye angeizima kwa hofu. Safari hii yakatokea maandishi: "Pole, picha haijaingia. Si makosa yako. Jaribu tena." Akayasoma, akayarudia, akageuka. Jamaa alikuwa amepiga magoti mbele ya printa, mikono imejaa wino. "Pole," Namalwa akamwambia. "Si makosa yako." Mikono ile ikatulia ndani ya mashine, kisha jamaa akainua macho.