Daktari alichomeka kidude kwenye simu yake dukani kwangu Kariakoo, safari ya Moshi ikaishia hapo hapo

Wakuu, heshima mbele. Haya yamenipata mimi mwenyewe, kwenye mguu wangu wa kushoto, na mguu bado ninao. Sina sababu ya kuongeza chumvi.

Niko Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. Nauza vifaa vya simu kwa jumla: chaja, waya, kava, spika.

Fremu hii ya duka aliianzisha kaka yangu mkubwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, alipoacha kutembeza soksi mkononi. Aliponikabidhi aliniachia sheria moja: dukani hakuna kiti. Mteja akikukuta umekaa anajua hujauza, na asiyeuza huombwa punguzo mpaka aibu.

Basi nimesimama miaka kumi na nane. Hata chakula cha mchana nakula nimesimama. Wachaga wenzangu mnaelewa, kwetu huo ni utaratibu wa kawaida.

Mishipa ikaanza kutokeza nyuma ya goti, ya kijani, imejikunja kunja. Nikaacha kuvaa kaptula hata nyumbani.

Halafu Desemba moja mguu wa kushoto ukavimba. Mmoja tu. Mzito, una joto, kigimbi kinauma. Jirani wa fremu ya kulia akasema ni kusimama sana. Wa kushoto akasema gesi. (Kariakoo kila ugonjwa ni gesi mpaka siku unazikwa.)

Mke wangu, Mama Glory, akalichukua hilo jukumu. Kila jioni nikirudi, maji ya moto, kisha mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu, ananichua kuanzia kifundo kupanda juu. Nguvu anazo, zamani alicheza netiboli. Nilikuwa naona nafuu, au labda ilikuwa raha tu ya kuchuliwa. Tukaenda hivyo wiki nzima.

Tiketi ya basi la Moshi nilishakata. Mnatutania Wachaga kwamba kila Krismasi tunarudi kwetu kuhesabiwa, na kweli mama yangu anahesabu. Mwaka huo alikuwa ametoka kuumwa, akaniambia kwenye simu, "Uje nikuone." Mama si mtu wa kusema maneno ya hivyo. Kwa hiyo nilikuwa naenda, hata kwa mguu mmoja.

Siku tatu kabla ya safari akaingia mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Kihindi, mtu mzima, daktari mwenye kliniki ghorofani mtaa wa pili. Alitaka waya mrefu wa chaja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, lakini waya hakuuangalia. Aliangalia mguu, maana nilikuwa nimekunja suruali upande mmoja.

"Umevimba tangu lini huo?"

"Kama wiki hivi, daktari. Uchovu tu. Mke wangu ananichua."

Akaweka waya chini. "Kaa."

Nikamwambia hakuna kiti. Akatazama duka zima, akavuta katoni ya spika na kunionyesha kwa kidole. Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa mle ndani, na nakumbuka niliangalia mlangoni kama kaka haji.

Akatoa kwenye mkoba kidude kama mashine ya kunyolea ndevu, akakichomeka kwenye simu yake. Akasema ni ultrasound.

Wakuu, mimi biashara yangu ni vitu vya kuchomeka kwenye simu. Nimeuza feni za kuchomeka, hadubini za kuchomeka, na najua nusu yake ni taa tu. Nikamwomba kile kidude, nikakigeuza geuza kutafuta palipoandikwa kimetengenezwa wapi, kama ninavyokagua mzigo.

"Hii ni orijino?"

"Tutajua sasa hivi," akasema, akakichukua.

Akapaka jeli ya baridi nyuma ya goti la kulia, lile zima. Kwenye skrini pakatokea ukungu wa kijivu na viduara viwili vyeusi. Kimoja mshipa unaoleta damu mguuni, kingine unaoirudisha. Akabonyeza na kidude. Kile cha kurudisha kikajifumba. Akaachia, kikafumbuka. Akasema mshipa mzima ndivyo unavyotakiwa.

Akahamia kushoto. Akabonyeza, duara halikujifumba. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Likabaki wazi vile vile.

Hapo ndipo nilipojua kidude ni orijino. Kitu feki kingeonyesha miguu yote sawa.

Akanieleza taratibu. Damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa. Bonge likimeguka linapanda hadi kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa huku anaongea. Kukaa kwenye basi siku nzima kunaweza kulizidisha. Kuchua kunaweza kulimegua.

"Basi hupandi. Na mkeo asiuguse tena."

"Mama yangu ananisubiri, daktari."

"Anakusubiri ukiwa hai."

Niliogopa, sifichi. Nilikaa kwenye ile katoni nikawa nahesabu zile jioni saba za mafuta.

Akanipeleka mwenyewe hospitali, mashine kubwa ikasema yale yale. Nikaanzishiwa dawa za kuzuia damu isigande, nikazimeza kwa miezi. Baadaye ile mishipa iliyotokeza aliishughulikia kliniki kwake: anaongoza sindano kwa kile kidude, naiona kwenye skrini ikiingia, inamwaga dawa ya povu, mshipa unajifunga. Nikatoka natembea.

Mama nilimpigia siku ile ile. Akasema, "Haya, nimekuhesabu kwa simu." Baada ya kumaliza dawa nikaenda kumwona.

Funzo: mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, usiuchue na usisikilize mambo ya gesi. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Kifua kikibana usingoje hata hiyo siku iishe. Na wenzangu wa Kariakoo, wekeni kiti. Mimi ninacho sasa, na kaka akija ndiye anayewahi kukikalia.

Limebaki jambo moja. Mama Glory nilimwambia daktari amekataza mafuta kwa sababu yanaharibu zile soksi za kubana nilizopewa hospitali. Akaamini. Kila asubuhi ananivisha zile soksi, na ni kazi kweli. Jioni anauweka mguu wangu mapajani mwake na kukunja mikono, hajui aiweke wapi. Nimeanza kumwambia ukweli mara tatu, mara zote nimeishia kuomba chai.

Naye ni memba humu, yuko sana jukwaa la mapishi, ila nyuzi zangu anazisoma zote.

Kwa hiyo wenye uzoefu na mishipa karibuni, na madaktari mnisahihishe nilipokosea. Ila naomba mtu mmoja aanze kuchangia.

Mama Glory, haikuwa soksi. Hukujua, na mimi sikujua. Leo chai nachemsha mimi.