Pumba za Jangwani

Mama yangu ana sheria moja kuhusu picha: picha ni ya mtu. Ukimwonyesha yoyote atauliza kwanza, "Ya nani hii?" Ukikosa jibu, mazungumzo yamekwisha. Ukuta wa sebule yake hapa Ifakara umejaa harusi, ubatizo na binamu waliovaa joho, na nyingi nimezipiga mimi, maana ndiyo kazi inayonilisha. Ninachokipenda hasa ni nchi tupu: mto Kilombero unavyojikunja, mbuga baada ya mafuriko, milima ya Udzungwa asubuhi. Katika hizo mama hakuwahi kutundika hata moja. Alikuwa akinishukuru vizuri, kisha anaisukumia chini ya godoro, pamoja na kadi za kliniki za wajukuu. Iliniuma kuliko nilivyokubali.

Mwaka jana nilibahatika kwenda Namibia kwa mafunzo ya upigaji picha ya wiki mbili, kwenye jangwa linaloishia baharini. Nilisimama mbele ya vilima vya mchanga, bahari ikinguruma kwa nyuma, nikalia. Sioni haya kusema. Nikapiga picha, nikaapa kwamba hii lazima ikae ukutani kwa mama. Niliporudi niliichapisha kubwa, nikaitia fremu ya mninga, nikaipakata kwenye basi kutoka Dar es Salaam huku nikigombana na kila aliyetaka kuiegemea. Kufika Kidatu nilikuwa sina rafiki humo ndani.

"Shikamoo mama," nikasema, nikabandua magazeti niliyoifungia. Mama akavaa miwani. Aliitazama kwa muda, kisha akashangaa kwa dhati, "Pumba zote hizi! Mashine ya nani hii?"

Mji wetu una mashine za kukoboa mpunga kila upande, na nyuma ya kila mashine kuna mlima wa pumba za rangi ya dhahabu ambao upepo huuchonga unavyotaka. Mama amelima mpunga maisha yake yote. "Hawa watu wamevuna," akaongeza, kidogo kwa wivu.

Hasira ikanipanda. "Siyo pumba, mama. Ni mchanga, ni jangwa. Na ile pale nyuma ni bahari."

"Maji yote hayo, na hakuna aliyelima?"

"Ni ya chumvi."

"Kumbe! Kazi ya Mungu haina makosa," akasema, kwa sauti ya mtu mwenye mashaka. Nilicheka bila kupenda. Moyoni nilishaiona fremu yangu ikitafutiwa godoro pana zaidi.

Lakini mama hakuiweka chini. Aliisogeza dirishani, akainama, akafuata kitu kwa kidole juu ya kioo. Zilikuwa nyayo. Alfajiri ile nilipanda kilima kimoja kuiona bahari vizuri zaidi, nikashukia ng'ambo, nikazunguka, na niliporudi mwanga ulikuwa mzuri mno hata nikapiga picha na nyayo zangu mwenyewe zikiwa katikati. Mwalimu wetu alinishauri nizifute kwa kompyuta. Nikawa mvivu.

"Huyu ni wewe," mama akasema. "Mguu wa kushoto unatazama nje. Tangu ulipovunjika pale shambani, mpaka leo hujakanyaga sawasawa."

Nikainama kando yake kuzitazama.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Kidole kikapanda mpaka juu kabisa, nyayo zinapokomea angani, kikabaki pale. "Mbona zinapanda tu? Hazirudi."

"Nilishukia upande wa pili, mama."

Alinitazama kana kwamba anahakikisha. Kisha akaenda ukutani, akaishusha harusi ya dada yangu, akanipa nafasi ile, mkabala na kiti chake.

Wageni wanaoingia siku hizi wanaona mchanga mtupu, na bado wanauliza ni ya nani. Mama anawaonyesha pale juu, mahali pasipo na mtu.

"Binti yangu," anawaambia. "Hapo hammwoni, ameshashuka. Anakuja nyumbani."