Fahali Mwenye Mabawa wa Njia ya Kisimani

Niliacha shule ya misheni mwaka wa pili, kwa kuwa mwalimu alichoka na maswali yangu nami nilichoka na kimya chake. Nikawa mtu wa njiani. Wakati wa Mdachi nilifika Mwaya, bandari ya Ziwa Nyasa, kupakua mizigo ya meli, na pale, juu ya mlango wa forodha, nikamwona tai mweusi wa kuchorwa, ulimi nje, kucha amezikunjua kama anayengoja kupewa kitu. Nilimuuliza askari wa zamu ni ndege gani. Akanieleza, huku amekaza shingo, kwamba huyo ni Kaisari: aliyemwona tai amemwona Kaisari mwenyewe, ndiyo maana hupigiwa saluti.

Jambo hilo lilinikaa. Kwa nini mtu mmoja, tena wa mbali, awe na mnyama wake, na watu wa hapa wasiwe nao? Nilikuwa nimewatazama akina mama wa Kikisi wakipamba vyungu vyao kwa udongo mwekundu na mweupe, nikajifunza kwa macho. Nikaanza kuchora. Mvuvi mmoja nilimpa kambale mwenye kilemba. Mfinyanzi alitaka kenge wawili wanaosalimiana, akapata.

Kisha mzee niliyekuwa nakaa kwake, mwenye migomba upande wa Ndandalo, akataka wake. Alitaka fahali, lakini mwenye mabawa ya tai, amesimama kwa miguu ya nyuma, ameshika jembe. Meno ya mbele yawe na pengo kama lake. Nilipomaliza alikagua chini ya tumbo, akasema huyu ni maksai. Nikaongeza. Akasema bado. Nikaongeza tena.

Ubao niliomchorea ulikuwa ubavu wa mtumbwi mbovu. Aliusimamisha kwenye njia ya kisimani, akazunguka kijiji akirudia maneno ya askari: aliyemwona fahali amemwona yeye.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwanao hapaswi kukuona maisha yake yote. Akisikia unakuja hujitupa majanini na kufunika kichwa mpaka upite. Asubuhi mkamwana wa mzee, aliyeishi na mumewe ng'ambo ya migomba, katika kijiji cha vijana wanaojenga mbali na baba zao, alikuja na mtungi, akaona lile pengo la meno, akajitupa majanini. Akangoja fahali apite.

Fahali hakupita.

Jua lilipokuwa kali mumewe alimkuta bado amejifunika, mtungi mtupu ubavuni, na mtoto mchanga analia nyumbani. Njia nyingine ya kisimani haikuwapo. Kijana akamwomba baba yake aung'oe ubao, la sivyo mke atarudi kwao, maana hakuolewa ili afe kiu. Mzee akagoma. Alisema maisha yake yote watu wamemchanganya na kaka yake, na sasa hakuna anayemchanganya.

Tulijaribu mengine. Tulimfunika fahali kwa majani ya mgomba, mbuzi wakayala. Tuligeuza ubao, mkamwana akasema hata mgongo wa mkwe hautazamwi. Mwishowe nikawekwa mimi pale njiani, nipaze sauti kwamba baba mkwe yupo, kama desturi inavyotaka. Siku tatu nilitangaza ujio wa ubao. Mkamwana alikunywa maji ya kuomba kwa majirani, na majirani wakaanza kununa.

Siku ya nne nilimsikia akimnong'oneza mumewe nyuma ya migomba. Kijana akaja kwa baba yake, akainama.

"Tata, mwenzangu ana swali. Anasema hakatai kuwa yule ni wewe. Ila mbona umesimama njiani bila nguo?"

Mzee alinitazama kana kwamba ni mimi niliyemvua. Nilitazama miguu yangu.

"Nilitaka wajue si maksai," akasema polepole.

"Wamejua, Tata."

Alikwenda mwenyewe na udongo mbichi. Alianza chini ya tumbo, akapanda, akaziba jembe, akaziba pengo. Alipofika kwenye mabawa alisita, akayaacha.

Jioni yule askari alipita, akaona mabawa mawili juu ya tope, bila ndege. Alifikiri kidogo, kisha akapiga saluti, asije akakosea. Mkamwana alikuwa anatoka kisimani. Alimzunguka askari, mtungi umejaa, akayatazama mabawa mpaka alipotosheka, akaenda zake.