Somo wa Meropi wa Masufuria

Kwetu, kusini mwa kisiwa cha Kio, binti wa kwanza hurithi jina la bibi mzaa mama. Hakuna anayeuliza. Ndiyo maana bibi mmoja Meropi alituachia wajukuu watatu akina Meropi, nasi tukawatofautisha kwa waume: wa Nahodha, wa Mwalimu, na wa Masufuria, aliyeolewa na fundi mgeni wa kuziba masufuria.

Siku moja tulikuwa tunasafisha utomvu wa miti yetu ya mastiki, mwalimu, mume wa yule Meropi wa pili, akapita.

"Hata hadithi za kale zina akina Meropi tele," akasema, "kila mmoja kaambulia mistari miwili tu. Mmoja ni nyota. Dada zake waliolewa na miungu, yeye akaolewa na binadamu. Mpaka leo anaficha uso kwa aibu. Shemeji, si wewe huyo?"

Tulicheka. Meropi wa Masufuria naye alicheka, kitambaa mdomoni.

Basi Stamatia, binti yake, akaolewa kwa watu wenye mashamba, akazaa msichana. Mama wa ubatizo akawa Meropi wa Mwalimu. Kanisani huyo mama wa ubatizo alitamka jina la mtoto kwa sauti, "Meropi!" Meropi wa Masufuria akasimama, mikono tayari, maana ndiyo desturi: bibi aliyerithiwa jina hupongezwa.

Watu wakampita. Wakambusu mke wa mwalimu. "Aishi miaka mingi somo wako, mwenye jina lako!" Mama mkwe wa Stamatia ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Meropi akamvuta binti yake penye mishumaa.

"Mwanangu, huyu ni somo wangu au wake?"

"Jina si ni lile lile, mama?"

"Basi waambie. Neno moja tu."

Stamatia akatazama sakafu. "Mama mkwe kasema kwao hawawezi kurithi jina la mke wa fundi. Nikakubali lihesabiwe la mama wa ubatizo. Nakuomba, mama, usinitie aibu mbele ya wakwe."

"Aibu," Meropi akasema. "Haya."

Akarudi akaketi. Lozi za sukari zilipogawiwa alipokea zake, akashukuru kama mgeni yeyote. Yule mtoto alikua, akawa anakuja kumsaidia kupepeta mastiki, nasi majirani tukimsikia bibi akimwita: "Njoo, mtoto. Kaa hapa, mtoto." Jina hakulitamka, mpaka tulipomzika.